Je, ni kweli wanajeshi wa Brazil waliachia madaraka kwa hiari yao?

Swali: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni karani wa shehena hapa bandarini, naishi Likoni. Barazani kwetu siku hizi mjadala ni Mali, Burkina Faso na Niger, na vijana wengi wanawashangilia wale makapteni na makanali. Mzee wetu mmoja akatuambia hakuna haja ya haraka, kwa sababu Brazil wanajeshi waliirudisha nchi kwa raia kidogo kidogo bila vita, na leo watu wanapiga kura. Je, ni kweli waliachia kwa hiari? Kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo? Na mwanajeshi akisema "subirini", mtu atajuaje kama ana nia?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mzee wenu hakukosea kwa yote. Brazil haikuingia vitani kuwaondoa majenerali, na wa mwisho wao, João Figueiredo, alitoka ikulu Machi 1985 muhula wake wa miaka sita ulipokwisha. Ninapotofautiana naye ni hapo penye hiari. Wakubwa wa jeshi walianza kulegeza kamba kwa sababu zao wenyewe, wakakusudia kulegeza kiasi fulani tu, na kila walipovuka kiasi hicho ni kwa kuwa kulikuwa na watu waliowalazimisha.

Jeshi lilimpindua Rais João Goulart kati ya tarehe 31 Machi na 1 Aprili 1964. Kuanzia hapo majenerali watano walipokezana urais kwa miaka 21. Utawala ule haukuwa wa mtu mmoja, na hili huwa halitajwi barazani ingawa ndilo lililoiachia Brazil njia ya kutokea. Kila jenerali alikuwa na muhula, ukiisha anaondoka, anaingia mwingine aliyependekezwa na wenzake wa kambini na kupitishwa na Bunge la kugonga muhuri. Bunge lenyewe halikufutwa. Lilifungwa na kufunguliwa kila walipotaka. Vyama vya zamani vilivunjwa mwaka 1965, vikabakishwa viwili, ARENA cha serikali na MDB cha upinzani, na Wabrazil wakawa wanafanya mzaha kwamba kimoja ni chama cha "ndiyo" na cha pili ni chama cha "ndiyo, bwana". Majenerali walibakiza uchaguzi ili waonekane watu wa sheria mbele ya dunia. Hawakujua ungekuja kuwatoa jasho.

Miaka mibaya zaidi ilianza tarehe 13 Desemba 1968, ilipotoka Amri Namba 5. Bunge likafungwa, mshukiwa wa siasa akanyimwa haki ya kudai afikishwe mbele ya jaji, na wakaguzi wa serikali wakaketi ndani ya vyumba vya habari kuamua kipi kichapishwe. Na katika miaka hiyohiyo uchumi ulikuwa ukikua kwa takriban asilimia 10 kwa mwaka. Mkono ulikwenda kinywani, wengi wakanyamaza. Vijana wenu wanaowashangilia makapteni wangeishi São Paulo mwaka 1971 huenda wangeshangilia vilevile.

Sasa, kwa nini jenerali aanze kulegeza? Ernesto Geisel aliapishwa Machi 1974, miezi michache baada ya bei ya mafuta kupanda takriban mara nne duniani, wakati Brazil ikiagiza mafuta yake mengi kutoka nje. Neema ile ilikuwa inakwisha, na serikali iliyokuwa ikijitetea kwa neema ilihitaji sababu nyingine ya kuwepo. Lakini nadhani sababu iliyomsumbua zaidi ilikuwa ndani ya kambi. Ili kuwasaka wapinzani, jeshi liliunda vitengo vya ujasusi na mateso vilivyojulikana kama DOI-CODI, na ndani ya vitengo hivyo kapteni au sajini alikuwa na uwezo wa kukamata na kuua ambao jenerali aliyemzidi cheo hakuwa na habari nao. Jeshi huishi kwa ngazi ya vyeo. Ngazi ikipinduka, jeshi lenyewe limo hatarini, na Geisel alikuwa mtu wa jeshi kabla ya kuwa chochote kingine.

Usije ukadhani alikuwa na huruma. Kuna waraka wa Shirika la Ujasusi la Marekani wa Aprili 1974, uliozua gumzo kubwa Brazil mwaka 2018, unaosema kwamba alikubali kuuawa kwa "wahaini hatari" kuendelee, mradi idhini itolewe juu. Alichokitaka ni nidhamu kambini. Yeye na mshauri wake, Jenerali Golbery do Couto e Silva, walipanga ulegezaji wa polepole, wa hatua kwa hatua, na wa salama. Na usalama wenyewe ulikuwa wa kwao.

Mpango ukapata pigo mwaka huohuo. Novemba 1974 ulifanyika uchaguzi wa Bunge, na serikali, ikiwa na uhakika wa kushinda, iliwaachia wapinzani wazungumze kwenye televisheni. Wakazungumza habari za bei ya vyakula na mishahara. Viti vya Seneti vilivyogombewa vilikuwa 22. MDB, kimojawapo cha vile vyama viwili vya mzaha, kikachukua 16. Majenerali hawakuyafuta matokeo. Nakuomba uliweke hilo akilini, nitalirudia.

Halafu likaja suala la Vladimir Herzog. Alikuwa mwandishi wa habari, mkuu wa habari wa TV Cultura ya São Paulo, Myahudi aliyezaliwa Ulaya na kuletwa Brazil akiwa mtoto. Jioni ya tarehe 24 Oktoba 1975 maafisa walimfuata kazini. Ikakubaliwa aripoti mwenyewe kesho yake. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 25 akaenda kwa miguu yake hadi DOI-CODI. Siku ileile jeshi likatangaza kwamba amejinyonga, likatoa na picha: maiti imefungwa shingoni kwa ukanda kwenye nondo za dirisha, huku miguu imegusa sakafu na magoti yamekunjika. Mtu hahitaji udaktari kuitilia shaka picha ile.

Kwa desturi ya Kiyahudi aliyejiua huzikwa kando, mbali na wengine. Lakini maiti ya Myahudi huoshwa kabla ya kuzikwa, kama tunavyowaosha maiti wetu, na waliomwosha Herzog waliona alama za mateso mwilini. Rabi kijana wa São Paulo, Henry Sobel, akaamua: huyu atazikwa katikati ya makaburi. Hakutoa hotuba wala hakuandika gazetini, ila kila aliyejua desturi alielewa kwamba rabi amelikatalia jeshi neno lake. Tarehe 31 Oktoba Kadinali Paulo Evaristo Arns akafungua Kanisa Kuu la Sé kwa ibada ya pamoja, yeye, Sobel na mchungaji wa Kiprotestanti, James Wright. Polisi waliweka vizuizi mji mzima ili watu wasifike. Walifika kama 8,000, wakajaa kanisani na kumwagika uwanjani, wakaomba kimya kimya, wakarudi makwao bila fujo ambayo ingewapa askari kisingizio.

Januari 1976 mfanyakazi wa kiwandani, Manoel Fiel Filho, akafa ndani ya jengo lilelile kwa maelezo yaleyale. Safari hii Geisel akamfukuza kazi jenerali aliyekuwa mkuu wa Jeshi la Pili la São Paulo. Tangu 1964 haikuwa kawaida jenerali kuadhibiwa kwa sababu ya mahabusu. Je, ni hiari? Mimi nasema Geisel alitaka kuwabana wale watesaji muda wote, lakini kelele za kanisani ndizo zilizomfanya aone hasara ya kuchelewa. Na mwaka 1978 jaji mmoja wa serikali kuu, Márcio José de Moraes, akaihukumu dola kuwa ndiyo yenye dhamana ya kifo cha Herzog, huku majenerali wangali ikulu.

Hayo yote yasikufanye uone njia iliyonyooka. Kwa ajili ya uchaguzi wa 1976 ikapitishwa sheria kwamba kwenye televisheni mgombea asiseme neno: ionyeshwe picha yake, na sauti ya mtangazaji isome jina, namba na wasifu. Aprili 1977 Bunge lilipokataa mswada wa serikali kuhusu mahakama, Geisel akalifunga kwa wiki mbili, akaandika sheria mpya peke yake, ikiwemo ya kwamba theluthi moja ya maseneta wasichaguliwe na wananchi moja kwa moja. Sisi tuliosimama kwenye mlolongo hapa Kenya mwaka 1988, tukaona mstari mfupi ukitangazwa mshindi na mrefu ukaambiwa urudi nyumbani, twaelewa kwamba ufundi wa namna hiyo si lazima ufanywe na mtu aliyevaa magwanda.

Oktoba mwaka huohuo wa 1977 ndipo kamba ilipokaribia kukatika. Waziri wa Jeshi, Jenerali Sylvio Frota, alijiona ndiye mrithi wa urais na alikuwa tegemeo la wasiotaka ulegezaji wowote. Tarehe 12 Geisel akamwita na kumfukuza. Frota akaita majenerali wenye vikosi waje Brasília, mji mkuu, kukutana naye. Walipotua uwanja wa ndege walikuta magari ya aina mbili yakiwasubiri: ya waziri aliyefukuzwa na ya ikulu. Wakapanda ya ikulu. Laiti wangepanda yale mengine, leo tungekuwa tunasimulia Brazil nyingine kabisa. Mwisho wa 1978 Amri Namba 5 ikafutwa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi kuliko walivyopanga, na waliosukuma walikuwa wengine. Wafanyakazi wa viwanda vya magari vya São Bernardo walikuwa wamegoma Mei 1978, wakagoma tena 1979 na 1980, wakiongozwa na fundi wa chuma aliyeitwa Lula, ambaye alilala rumande siku 31 kwa ajili hiyo. Agosti 1979 ikapitishwa sheria ya msamaha na waliokuwa uhamishoni wakarudi. Vyama vingi vikaruhusiwa. Wenye msimamo mkali wakajibu kwa mabomu: usiku wa tarehe 30 Aprili 1981 kulikuwa na tamasha la Sikukuu ya Wafanyakazi katika ukumbi wa Riocentro, Rio de Janeiro, na nje, ndani ya gari, bomu likalipukia mapajani mwa sajini wa jeshi aliyekuwa amelibeba. Uchunguzi wa jeshi ukasema kwamba yeye na kapteni aliyekuwa naye ni wahanga. Nchi nzima ikacheka kwa uchungu.

Mwaka 1982 wananchi wakachagua magavana moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu 1965, na upinzani ukachukua majimbo 10, yakiwemo São Paulo, Rio de Janeiro na Minas Gerais. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukapita asilimia 200. Mapema 1984 watu wakafurika viwanjani, mamia ya maelfu kwa wakati mmoja, wakidai kumchagua rais wenyewe. Tarehe 25 Aprili 1984 hoja hiyo ikapigiwa kura bungeni. Brasília ilikuwa chini ya amri ya dharura na matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalizuiwa. Zilihitajika kura 320, zikapatikana 298. Wabunge zaidi ya 100 hawakutokea. Kushindwa kwa kura 22 kunauma kuliko kushindwa kwa 200.

Kwa hiyo rais wa kwanza wa kiraia alichaguliwa kwa utaratibu walioutunga majenerali, ndani ya baraza la wapiga kura: Januari 1985 Tancredo Neves wa upinzani alipata kura 480 dhidi ya 180 za mgombea wa chama tawala, kwa kuwa sehemu ya chama hicho ilihamia upande wake. Gharama ya kuhamia huko ilikuwa umakamu wa rais, uliopewa José Sarney, ambaye hadi Juni 1984 alikuwa mwenyekiti wa chama cha majenerali. Usiku wa kuamkia kuapishwa Tancredo akapelekwa hospitali, na tarehe 21 Aprili akafariki. Sarney akawa rais. Figueiredo alikataa kumvisha Sarney ule ukanda wa urais, akatoka ikulu kwa mlango wa pembeni. Katiba mpya ikaja tarehe 5 Oktoba 1988, na kura ya wananchi ya kumchagua rais, ya kwanza tangu 1960, ikapigwa Novemba 1989.

Kwa nini miaka 15, basi, tangu Geisel alipoingia 1974 hadi kura ya 1989? Kwa sababu walioshika kalenda walikuwa wale wanaoondoka, na kila mwaka walioongeza waliutumia kununua kitu. Kikubwa walichonunua ni ile sheria ya msamaha. Familia za wafungwa zilidai msamaha kwa ajili ya watu wao. Majenerali wakaingiza humo "makosa yanayohusiana" na ya kisiasa, na kwa maneno hayo mawili matatu watesaji wakasamehewa pamoja na walioteswa. Mahakama Kuu ya Brazil iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2010. Tume ya ukweli ilipomaliza kazi mwaka 2014 iliorodhesha watu 434 waliouawa au kupotezwa, lakini iliweza kutaja majina tu, haikuweza kufunga mtu. Familia ya Herzog ilisubiri hadi 2013 kupata cheti cha kifo kisichosema amejiua.

Deni hilo halikuishia kwenye makaratasi. Tarehe 8 Januari 2023 umati ulivamia Bunge, Mahakama na ikulu mjini Brasília ukiomba jeshi liingie kati, na wengi wao walikuwa wamepiga kambi kwa wiki kadhaa nje ya makao ya jeshi bila kufukuzwa. Septemba 2025 Jair Bolsonaro, kapteni mstaafu aliyewahi kuwa rais, alihukumiwa miaka 27 na miezi mitatu kwa njama ya mapinduzi, na pamoja naye majenerali. Kabla ya hapo, tangu 1964, hakuna jenerali wa Brazil aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kama hilo.

Utaniuliza kama haraka ingekuwa bora. Jirani yao Argentina alitoka haraka: jeshi lilishindwa vita vya Falkland 1982, uchaguzi ukawa Oktoba 1983, na Desemba 1985 Jenerali Videla, aliyekuwa mtawala wao, akafungwa maisha. Kisha kambi zikaasi mara kadhaa kuanzia 1987, na rais aliyefuata akawasamehe majenerali. Ilichukua hadi miaka ya 2000 kesi kufunguliwa upya. Mimi binafsi ningechagua njia ya Argentina, maana angalau ukweli ulisemwa mahakamani watu wangali hai. Lakini Wabrazil hawakupewa nafasi ya kuchagua: jeshi lao halikushindwa vita yoyote.

Sasa lile swali lako la "subirini". Tazama Nigeria. Jenerali Babangida aliahidi kuondoka 1990, ikawa 1992, ikawa 1993. Vyama viwili viliundwa na serikali yenyewe. Tarehe 12 Juni 1993 watu wakapiga kura kwa utulivu uliowashangaza wengi, Moshood Abiola akawa anaongoza, na Babangida akaufuta uchaguzi. Tofauti na Brazil ya 1974 iko hapo: Geisel alishindwa kwenye kura, akakasirika, akabadilisha sheria za mchezo uliofuata, lakini wale maseneta 16 waliingia bungeni na wakakaa. Kila mara najiuliza hivyo kwanza: je, wanajeshi hawa wamewahi kupoteza kitu kwenye sanduku la kura au mahakamani, na kikabaki kimepotea?

Hata hilo halitoshi, na Wangazija wa hapa Mombasa hawahitaji kusimuliwa. Kanali Azali alitwaa nchi yao ya Komoro Aprili 1999, mwaka 2006 akamkabidhi Sambi, mshindi wa uchaguzi, kwa amani, watu wakampigia makofi. Mwaka 2016 akarudi kwa uchaguzi, 2018 akabadilisha katiba, na hadi leo yuko.

Kwa Mali, kwa hiyo, mwambie mzee wenu hivi, kwa heshima zote. Uchaguzi uliahidiwa Februari 2022, ukasogezwa hadi Februari 2024, ukaahirishwa tena. Mei 2025 vyama vyote vya siasa vilivunjwa, na Julai mwaka huo Jenerali Goïta akapewa miaka mitano inayoweza kurefushwa bila kura. Brazil ya 1974, pamoja na vyumba vyake vya mateso, ilikuwa na chama cha upinzani kwenye karatasi ya kura. Bamako leo hata chama cha kuitikia "ndiyo" hakipo.